SOMO LA MWEZI: Mji wa Makimbilio na Njia ya Kuufikia

Kusoma: Kumbukumbu la Torati 19:1-13; Yoshua 20:1-9



Redioni tunasikia wakubwa wa mataifa wakisema: mkimbizi wa kweli afuate njia ya halali, asivuke mpaka bila karatasi. Nasi tunajiuliza: je, aliyekimbia usiku bila kibali ametenda dhambi? Na njia hiyo ya halali iko wapi? Tujifunze pamoja.

1. Mungu aliagiza mji, akaagiza na njia
Israeli walitenga miji sita, mitatu kila upande wa Yordani. Lakini angalia mstari wa 3: waliamriwa kutengeneza njia pia. Mji usiofikika haumwokoi mtu. Leo mataifa mengi yamekubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ila njia ni nyembamba. Uingereza, kwa mfano, haina viza ya kwenda kuomba hifadhi. Ni lazima uwe umeshafika kwanza. Wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka ni chini ya mkimbizi 1 kati ya 100. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea, na hata waliokwisha kupangiwa ndege wakabaki.

2. Mkimbizi husimama langoni na kueleza
Katika Yoshua 20:4 aliyekimbia aliwaeleza wazee habari zake, wakampa mahali pa kukaa, kisha shauri lake likaamuliwa. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951 kinafanana na hapo: mkimbizi aliyetoka moja kwa moja penye hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze mapema kwa wenye mamlaka na kutoa sababu nzuri. Nao mkataba wa Afrika wa 1969 unawatambua pia waliokimbia vita na machafuko. Basi tusimhukumu ndugu aliyevuka mto gizani.

3. Langoni husemwa kweli
Muuaji wa makusudi hakufichwa katika miji ile. Kwa hiyo tusibuni hadithi wala kununua jina la mwingine siku ya mahojiano. Uongo wa mmoja huwafanya walinda lango wamshuku kila ajaye nyuma yake. Mama mmoja wa kanisa letu aliuza mahindi ya mgao, akampa mtu aliyeahidi kulisogeza faili lake. Watoto walilala njaa. Mtu yule hakuonekana tena. Jueni, wapendwa: kuhamishwa kupitia Umoja wa Mataifa hakulipiwi hata senti moja.

Maswali ya kujadili nyumbani
- Kwa nini Mungu hakuagiza mji peke yake?
- Mgeni mpya akifika mlangoni petu leo, tutamsikiliza kama wazee wale?

Tuwaombee wanaoshika funguo za malango, na wanaongoja nje. Amina.