Kumbukumbu ya Uzeeni Huanzia Kwenye Kopo la Chumvi

Ukitaka chakula kikulindie kumbukumbu uzeeni, anza na kopo la chumvi kabla ya kuwaza vidonge. Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na nguvu hizo huletwa na mishipa ya damu, mingine myembamba kuliko unywele. Presha na kisukari visipodhibitiwa kwa miaka mingi huichakaza mishipa hiyo kimyakimya. Ndiyo maana nashikilia kwamba mlo unaolinda moyo ndio unaolinda akili. Na kwa kuwa chumvi nyingi hupandisha presha, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti. Dagaa wa baharini, ambao aghalabu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, waloweke kwenye maji ya moto, uyamwage, kisha uwaunge kwa nyanya na vitunguu bila kuongeza chumvi hata chembe. Maharage yakishaiva yakamulie ndimu. Uchachu utaziba pengo la chumvi. Sukari ya chai ipunguze kidogo kidogo, ulimi utazoea.

Yupo atakayesema tafiti zenyewe hazikubaliani, na ana hoja. Mwaka 2023, jaribio la MIND, mlo uliobuniwa kulinda ubongo, nchini Marekani, lililofuatilia watu 604 kwa miaka mitatu, halikuonyesha tofauti ya maana kwenye vipimo vya akili. Lakini kundi la kulinganishia nalo lilipunguza chakula na uzito, na miaka mitatu ni michache kwa maradhi yanayojijenga kwa miongo. Utafiti wa FINGER wa Finland, uliochapishwa mwaka 2015, ulichukua watu 1,260 wenye hatari ya kudhoofika akili, ukaunganisha mlo, mazoezi ya mwili na ya akili, na ufuatiliaji wa presha. Baada ya miaka miwili waliopewa yote hayo walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Sahani peke yake, basi, haitoshi. Wala mlo huu si anasa ya wenye pesa: mchicha, kunde na dagaa vimo kwenye kila soko.

Vidonge vina nafasi moja ninayoitetea kwa nguvu. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuleta usahaulifu, na humpata zaidi mzee asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, au anayemeza metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Hupimwa kwa damu na hutibika. Kabla ya kuambiwa kwamba ni uzee tu, mzee huyo aombe kipimo hicho.