Istilahi za Tarakilishi katika Mizani: Mfano wa iMac ya Mwaka 1998

Utangulizi
Ubora wa istilahi hudhihirika pale inapotumiwa kueleza chombo halisi. Makala haya yanaeleza kwa Kiswahili tarakilishi moja ya zamani, kisha yanajadili istilahi zilizotumika.

Sifa za chombo
Kampuni ya Apple ya Marekani iliitangaza iMac mnamo Mei 1998, ikaanza kuiuza Agosti mwaka huo kwa dola 1,299. Sehemu zake kuu zote zilikuwa ndani ya gamba moja la plastiki inayopitisha mwanga, lenye mshikio juu yake. Kiwambo kilikuwa cha neli, mithili ya runinga za wakati huo, chenye ukubwa wa inchi 15 kimshazari. Kichakataji, PowerPC G3, kilikuwa na kasi ya megahezi 233. Kumbukumbu ilikuwa megabaiti 32, na diski kuu gigabaiti 4. Aidha, ilikuwa na kiendeshi cha sidii, modemu ya kuunganishia intaneti kwa njia ya simu na milango miwili ya USB ya kuchomekea kicharazio na kipanya. Haikuwa na nafasi ya diski tepetevu.

Mjadala
Kwanza, tuangalie neno "sipiyu". Aghalabu nchini Kenya, kasha linalowekwa kando ya kiwambo huitwa hivyo, ilhali kifupisho hicho hurejelea kichakataji kilichomo ndani. Katika iMac kasha hilo halipo. Aliyezoea matumizi hayo atadhani kwamba chombo hiki hakina sipiyu. Neno "kichakataji" halipotoshi kwa sababu linatokana na kitenzi "chakata": linataja kazi ya kifaa popote kilipo. Vivyo hivyo "kicharazio", kutokana na "charaza".

Pili, "diski tepetevu" inataja ulegevu wa bamba la ndani. Hata hivyo, diski za inchi 3.5 zilizoenea katika miaka ya 1990 zilifunikwa kwa ganda gumu. Mtumiaji alishika kitu kigumu akaambiwa ni tepetevu!

Huenda msomaji akapinga kwamba "kipanya" nacho kinataja umbo, na bado kimekita mizizi. Ni kweli. Hata kipanya cha iMac, kilichokuwa mviringo kama kisahani, kiliitwa kipanya. Tofauti ni kwamba jina hilo ni sitiari iliyo wazi. Halidai kueleza chombo kimeundwaje, hivyo halimpotoshi mtumiaji.

Hitimisho
Ni dhahiri kwamba istilahi inayotaja kazi hustahimili mabadiliko ya umbo kuliko ile inayotaja sura au mahali. Tunapendekeza kwamba kabla ya istilahi kuingizwa katika kamusi, itumiwe kwanza kueleza angalau vyombo vitatu vya miundo tofauti. Ikishindwa kwa kimoja, irudishwe kwa wabunifu wake ingali mbichi, kabla haijazoeleka vinywani mwa wanafunzi.