Vitabu vya Kale Katika Nyumba Zetu

Kijana arudipo nyumbani kwa likizo, mara nyingi huja na kitabu. Hukaa nacho peke yake chini ya mwembe. Bibi yake hupita karibu, akatazama, asiulize neno. Wawili hao wapendana, lakini kitabu kimesimama kati yao kama ukuta. Leo twataka kusema jinsi ukuta huo uwezavyo kuwa mlango, hata kwa vitabu vidhaniwavyo kuwa mbali nasi kuliko vyote, yaani vitabu vya Wayunani na Warumi wa kale.

Wazazi wengine watatuuliza: Vitabu vya watu walioabudu miungu mingi vina faida gani katika nyumba ya Kikristo? Swali hilo ni la haki, tena ni la zamani. Mtakatifu Paulo, aliposema na watu wa Athene, alitaja maneno ya washairi wao wenyewe, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Katika karne ya 4 Mtakatifu Basili aliwafundisha vijana kuvisoma vitabu hivyo kwa mfano wa nyuki, ambaye hatui juu ya kila ua, wala habebi yote ayaonayo. Naye Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, aliungama kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia katika utenzi wa Virgil, asiililie roho yake mwenyewe. Walimu hao hawakutuambia tukikimbie kitabu, walitutaka tukipime.

Tabora nayo ina ushahidi wake. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali mjini hapa, na baada ya masomo ya Makerere akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, akaitengeneza upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Shakespeare alizichota habari hizo katika maandiko ya Plutarch, Myunani aliyeandika maisha ya wakuu. Basi habari za Rumi zilitufikia kama mizigo ya msafara, zikipokezanwa kituo hata kituo.

Twashauri jamaa waanze na kitabu hicho, maana kimo katika lugha yetu. Wasome zile hotuba mbili za mazishi. Brutus asema, na watu wamsifu. Antony asema baada yake, na watu wale wale wakimbilia kuchoma nyumba. Hapo baba afunge kitabu, awaulize watoto: Ni neno gani lililowageuza? Nanyi mngalisimama upande gani? Mtoto aliyejifunza kuuliza hivyo nyumbani hatachukuliwa upesi na kila msemaji mkutanoni.

Lakini kwa watu wa njia ya zamani ya misafara, Homer atukaribia zaidi. Odysseus alikaa mbali na kwao miaka 20, kumi vitani na kumi njiani, na mkewe Penelope akaitunza nyumba asijue kama mumewe yu hai. Sasa tukumbuke njia yetu, kutoka Bagamoyo hata Tabora, na mbele hata Ujiji. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hata kufika hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliizoea njia hiyo, mizigo mabegani, na nyuma yao walibaki wanawake na mashamba, na watoto waliokua bila kumjua baba. Kijana asomapo habari za Telemachus akimngoja baba yake, mzee aliyesimuliwa mambo ya misafara anayo mengi ya kumwongezea.

Tena tusipite haraka penye uchungu. Eumaeus, mchunga nguruwe wa Odysseus, alikuwa mtoto wa mfalme. Aliibwa angali mdogo, akauzwa na wafanya biashara. Njia yetu ilipitisha pembe za ndovu, ilipitisha na watu. Na sheria ya kuukomesha utumwa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922 tu. Homer amsifu mtumwa mwaminifu, lakini haulaumu utumwa wenyewe. Sisi tuliofundishwa kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu yatupasa kuulaumu, na watoto wetu watusikie.

Katika utenzi wa Virgil, Aeneas aukimbia mji unaoungua, amembeba baba yake mgongoni na kumshika mwanawe mkono. Mkewe afuata nyuma, akapotea. Walimu wengi humsifu Aeneas kwa kumheshimu baba. Msishangae bibi akiuliza: Mbona mke aliachwa nyuma? Swali hilo ni elimu, na aliyeliuliza huenda hajui kusoma.

Basi utaratibu wetu ni huu. Jamaa wachague jioni moja kwa juma, baada ya sala, nusu saa yatosha. Kitabu cha Kiswahili kisomwe kwa sauti. Kilicho katika Kiingereza, kijana akisome kwanza peke yake, kisha akisimulie kwa Kiswahili au kwa Kinyamwezi. Asiyeweza kusimulia bado hajaelewa. Mambo yasiyowafaa watoto mzazi ayaruke. Mfalme Edipode wa Sophocles, uliotafsiriwa na Samuel Mushi mwaka 1971, uwekwe kwa ajili ya wakubwa. Na kila mara mzee apewe nafasi ya kujibu kwa hadithi yake.

Asione haya asiyejua kusoma. Wayunani wa kale walimsikiliza Homer kwa masikio, mwimbaji akiimba mbele ya watu. Bibi aliyekaa kimya chini ya mwembe ni msikilizaji wa namna ile ile. Kijana, mwite, msogezee kigoda, uanze kumsimulia.