CHOO CHA MTOTO WA MAZIWA YA KOPO: TUJIFUNZE KUSOMA RANGI ZAKE

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja: choo cha mtoto mchanga. Anayemsafisha mtoto hukiona kila siku. Lakini kukiona ni jambo moja, na kukielewa ni jambo jingine. Mtoto mchanga hawezi kusema, "Mama, naumwa." Mara nyingine choo chake ndicho kinachosema kwa niaba yake.

Sote tumefundishwa kwamba maziwa ya mama ndiyo chakula bora cha mtoto. Katika miezi 6 ya kwanza mtoto anayenyonya hahitaji kitu kingine, hata maji. Lakini wapo watoto wasiopata maziwa hayo. Pengine mama amefariki, au anaumwa sana, na mtoto analelewa na bibi au shangazi kwa maziwa ya kopo. Walezi hawa huwa na wasiwasi, kwa sababu choo cha mtoto wao hakifanani na cha mtoto anayenyonya. Somo hili ni lao kwanza, lakini linamfaa kila mzazi.

Rangi hutoka wapi?

Ini la mtoto hutengeneza nyongo. Nyongo ni maji yenye rangi ya kijani na manjano. Hupita katika mirija myembamba na kuingia kwenye utumbo, ambako husaidia kusaga mafuta yaliyomo katika maziwa. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi. Ikipita utumboni haraka, choo hutoka cha kijani. Ikikaa zaidi, choo huwa cha njano au cha kahawia.

Tukumbuke jambo hili, maana ndilo msingi wa somo zima: choo cha njano, cha kijani au cha kahawia kinaonyesha kwamba nyongo inafika utumboni.

Rangi ambazo si ugonjwa

Siku 2 au 3 za kwanza baada ya kuzaliwa, choo huwa cheusi na hunata kama lami. Huo ni uchafu uliokuwa tumboni tangu mtoto hajazaliwa. Baadaye hugeuka kijani, halafu njano.

Mtoto wa maziwa ya kopo hutoa choo cha njano iliyokolea, au cha kahawia kama karanga zilizosagwa. Huwa kizito na chenye harufu kali kuliko cha mtoto anayenyonya. Hiyo ni kawaida.

Na kijani je? Hapa ndipo watu wengi wanapobabaika. Utasikia jirani anasema, "Eti maziwa yamemkataa!" Hapana. Maziwa mengi ya kopo yameongezwa madini ya chuma ili kumkinga mtoto na upungufu wa damu. Chuma ambacho mwili haukukitumia hutoka na choo, na huweza kukifanya kiwe cha kijani kilichokolea. Kama mtoto anakunywa vizuri, anaongezeka uzito, hana homa, haharishi wala hatapiki, basi hakuna cha kutibu. Usimpe dawa za mitishamba. Usipunguze unga wa maziwa. Mtoto aliyepunguziwa unga anashiba maji tu, naye atakonda huku mlezi akidhani anamponya.

Rangi tatu za hatari

Ukiona moja ya rangi hizi, mpeleke mtoto kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo.

1. NYEKUNDU. Hii huweza kuwa damu. Pengine ni mchubuko mdogo uliosababishwa na choo kigumu, pengine tumbo halipatani na maziwa hayo, na pengine ni ugonjwa wa utumbo. Mganga ndiye atakayejua. Kama damu imechanganyika na makamasi, na mtoto analia kwa vipindi huku akikunja miguu, usingoje hata saa moja.

2. NYEUSI, baada ya zile siku za kwanza. Huenda damu inavuja tumboni. Kama mtoto anapewa dawa ya madini ya chuma, mweleze mganga, maana dawa hiyo nayo hukifanya choo kiwe cheusi.

3. NYEUPE. Yaani cheupe kama chokaa, cha kijivu kama majivu, au kilichopauka kama uji wa sembe. Rangi hii ndiyo inayodanganya watu kuliko zote. Haifanani na damu, kwa hiyo haitishi. Mtoto mwenyewe huenda anakunywa vizuri na anaonekana mnono. Kumbe mirija ya nyongo imeziba!

Nyongo isipofika utumboni, choo hukosa rangi. Nyongo hiyo hurudi nyuma, huharibu ini, na rangi yake huingia katika damu. Ndiyo maana macho ya mtoto huwa ya njano, na mkojo wake huwa wa rangi ya chai, wakati mkojo wa mtoto mchanga hutakiwa uwe kama maji. Wazee wengi humtoa mtoto wa namna hii juani kila asubuhi, wakisema manjano yataisha. Jua haliwezi kuzibua mirija. Manjano yakizidi siku 14, mtoto lazima apimwe.

Upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini upo. Daktari Morio Kasai wa Japani aliueleza katika mwaka 1959. Lakini hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza miezi 2. Kila wiki ya kungoja humpunguzia mtoto nafasi ya kupona. Huko Taiwan, tangu mwaka 2004, kadi ya picha za rangi za choo imewekwa katika kitabu cha afya cha kila mtoto, ili mzazi alinganishe mwenyewe. Sisi tunaweza kulinganisha na vitu vya nyumbani: chokaa, majivu, uji.

Choo cha majimaji

Ndugu msomaji, rangi si kila kitu. Choo kikiwa maji matupu, mara nyingi kwa siku, huko ni kuharisha, hata kama rangi ni nzuri. Mtoto mchanga hukaukiwa maji upesi. Macho hudidimia, mdomo hukauka, na mkojo hupungua. Mpeleke kwenye zahanati haraka, na uendelee kumpa maziwa yake njiani.

Kuharisha kwa mtoto wa kopo mara nyingi huanzia kwenye maji machafu na vyombo. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, na uchanganye maziwa kabla maji hayajapoa kabisa. Kisha yapooze ndipo umpe mtoto. Tumia kikombe, maana chupa ni ngumu kusafisha. Maziwa yaliyokaa saa 2 yamwage.

Kisomo chetu kitusaidie

Kopo lina maandishi. Soma vijiko vingapi kwa maji kiasi gani, na utumie kijiko kilichomo ndani ya kopo, kikiwa kimesawazishwa. Kama maandishi ni ya lugha usiyoijua, nenda nalo kwa muuguzi akusomee.

Halafu chukua daftari, uchore safu nne: TAREHE, RANGI, KIGUMU AU MAJI, MARA NGAPI. Andika kila siku kwa miezi 2 ya kwanza. Siku ya kliniki nenda nalo pamoja na kadi ya mtoto. Ukiona choo cheupe, nenda na nepi yenyewe, mganga aone kwa macho yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nyongo hutengenezwa wapi, na kazi yake ni nini?
2. Mtoto wa jirani anatoa choo cha kijani, lakini anacheza na anaongezeka uzito. Utamshauri nini mama yake?
3. Kwa nini choo cheupe ni hatari hata kama mtoto halii?
4. Kutoka kijijini kwenu mpaka hospitali ni mbali kiasi gani? Pangeni sasa: mtoto akionekana na choo cheupe, nani atatoa nauli, na nani atamsindikiza mlezi?