SOMO: CHAKULA, KAZI NA UZITO WA MWILI

Ulipofika hospitalini walikupandisha kwanza juu ya mizani. Pengine ulifikiri ni desturi tu. Sivyo. Namba ile inamwonyesha munganga jambo juu ya chakula unachokula na kazi unayofanya.

Fikiri mbabula ya muke anayepika. Akitia makala, moto unawaka. Makala yakiisha, moto unazimika. Mwili wako vilevile unaunguza chakula. Nguvu iliyo ndani ya chakula inapimwa kwa kipimo kinachoitwa kalori. Gramu 100 za unga mukavu wa muhogo zina karibu kalori 350. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina karibu 120, kwa sababu gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9, lakini gramu moja ya sukari inatoa 4 tu. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72, ina karibu 300. Watu wengi wanaisahau, maana hawaihesabu kuwa chakula.

Moto wa mwili hauzimiki hata usiku. Moyo unapiga, mapafu yanavuta pumzi, damu inakaa na joto lake. Kazi hiyo peke yake inatumia kalori karibu 1500 kila siku kwa mwanaume wa kilo 60. Saa moja ya kulima kwa jembe inaongeza karibu 300.

Sasa tumwangalie mutu aliyetoka mulimani akapata kazi ya ulinzi mujini Bukavu. Zamani alipanda na kushuka, akalima mpaka jua kali. Siku hizi anakaa juu ya kiti langoni, tena anarudi nyumbani kwa pikipiki. Bugali wake haukupungua. Hata mafuta yameongezeka, kwa sababu ana franga. Kalori zinazozidi hazipotei. Mwili unaziweka akiba, nayo ni mafuta ya tumbo. Kilo moja ya mafuta hayo ni akiba ya kalori karibu 7700. Basi akizidisha 250 kila siku, baada ya mwezi ameongeza karibu kilo moja. Haitaendelea hivyo sikuzote, kwa kuwa mwili muzito unatumia zaidi. Lakini baada ya miaka miwili mukaba wake haufungi tena.

Jirani wanamusifu, wanasema muke wake anamutunza vema. Hatupendi kuharibu furaha yao. Lakini munganga akimupima, mara nyingi anaona kwamba musukumo wa damu umepanda, ao sukari imezidi katika damu.

Afanye nini? Asikae siku tatu bila kula, kisha ale siku ya nne kama mutu aliyetoka gerezani. Apunguze bugali kadiri ya ngumi moja, aongeze sombe isiyo na mafuta mengi, aache bia na vinywaji vya sukari. Tena aende kazini kwa miguu. Lakini ajue kwamba kutembea nusu saa kunatumia kalori kama 120 tu. Miguu peke yake haishindi chupa mbili za bia.

Kuna kunenepa kwingine kunakotuhuzunisha. Mama analeta mutoto wake aliyeachishwa ziwa, anayekula muhogo tu, anasema: “Munganga, mutoto wangu ni munene, tazama mashavu.” Tunabonyeza kidole juu ya muguu wa mutoto, na shimo linabaki. Hayo si mafuta, ni maji. Ni ugonjwa ambao watu wa Kivu wanauita bwaki, nao unaua. Mizani inaweza kudanganya hapo, kidole hakidanganyi. Mama, ukiona shimo hilo katika miguu yote miwili, mulete mutoto siku ile ile.

Vilevile mutu anayekula vizuri lakini anakonda, akiwa anakohoa majuma mawili, ao anakunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, asingoje. Aje apimwe kifua kikuu na sukari.

Ukitaka kujipima, tumia mizani ile ile, mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula, bila viatu. Andika namba kwenye karatasi, uje nayo.