Ulinganifu wa Mwili: Tusiwape Wadogo Zetu Hoja Nyepesi



Likizo ikifika, wengi wetu tunaotoka Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura tunaombwa kuwasaidia vijana wa sekondari kurudia masomo. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, lakini maswali mengi ninayoulizwa ni ya biolojia, hasa juu ya ulinganifu wa mwili wa wanyama. Vijana wameshasikia darsani kwamba upande wa kulia na wa kushoto wa kila kiumbe ni sawasawa, na kwamba huo ndio ushahidi wa Muumba. Kisha wanafungua kitabu cha shule wanakuta ini liko kulia. Hoja imevunjika, na kijana anadhani kilichovunjika ni dini.

Tuanze na somo lenyewe. Mnyama ana ulinganifu ikiwa mstari unaopita katikati yake unamgawa sehemu mbili zinazofanana. Kwa mbuzi, kipepeo na mtu kuna mstari mmoja tu wa namna hiyo, nao unapita kati ya macho mawili. Huu ni ulinganifu wa pande mbili. Yavuyavu wa baharini anagawika kwa mistari zaidi ya mmoja, kama chungwa lililokatwa kupitia kitovu chake: huo ni ulinganifu wa duara. Sifongo wengi hawana ulinganifu wowote.

Mwalimu akiishia hapo, wanafunzi watakariri tu. Waulize kwa nini. Mnyama anayekwenda mbele anahitaji macho, pua na mdomo vitangulie, na pande mbili zisukume kwa usawa, la sivyo atazunguka palepale. Anayekaa au kuelea hajui chakula kitatoka upande gani, basi umbo la duara linamfaa. Kiti cha pweza anapitia yote mawili: akiwa mchanga anaogelea na ana pande mbili, akikomaa anatambaa chini akiwa na mikono, kwa kawaida mitano, kuzunguka mdomo.

Lakini ulinganifu wetu ni wa nje zaidi. Ndani, moyo umeelekea kushoto, pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili.

Mfano ninaoupenda uko katika ziwa letu la Tanganyika. Kuna samaki aitwaye kitaalamu Perissodus microlepis, anayekula magamba ya samaki wenzake. Mdomo wake umepinda, kwa wengine kulia, kwa wengine kushoto. Aliyepinda kulia hunyemelea kwa nyuma na kung'ata ubavu wa kushoto wa windo. Mwaka 1993 mtafiti Mjapani Michio Hori alionyesha kwamba makundi haya mawili hubaki karibu sawa kwa idadi. Wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa huchunga zaidi ubavu wa kushoto, na wale wachache wa kushoto wanashiba. Mizani inapinduka, kisha inarudi. Hapa mwili mmoja mmoja hauna ulinganifu, ila kundi zima lina mizani.

Sasa turudi darsani. Sura ya Al-Infitar, aya ya 7, inapotaja kuumbwa kwa mwanadamu, inatumia neno la mzizi mmoja na *adl*, ambao ndio uliotupa uadilifu na adili. Wanazuoni wetu waliueleza uadilifu kuwa ni kuweka kitu mahali pake panapostahiki, na dhulma kuwa kinyume chake. Hawakusema ni kufananisha nusu mbili. Kwa maana hiyo ini la kulia halipingani na aya hata kidogo, na mhadhiri hana haja ya kuongeza chumvi.

Swali ambalo halikosi kuulizwa: je, yupo mtu mwenye moyo kulia? Wapo, takriban mmoja kati ya watu 10,000 viungo vyake vya ndani vimegeuka vyote, kama picha kwenye kioo. Wengi wanaishi na afya njema, na baadhi hugundua siku wanapopigwa picha ya kifua kwa sababu nyingine kabisa.