Mvunjiko wa Kigasha na Maelezo Yasiyolingana

Mtu anayeanguka hutanguliza viganja. Kwa hiyo mara nyingi mfupa huvunjika karibu na kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Anayejikinga asipigwe usoni huinua mkono, na pigo huvunja katikati ya kigasha ule mfupa wa upande wa kidole cha mwisho. Basi mama akifika zahanati na mvunjiko wa namna hii ya pili, akasema ameteleza kisimani, mganga hana budi kutafakari. Dalili moja haithibitishi kitu. Huongezewa uzito na michubuko ya siku mbalimbali, au mume anayejibu kila swali aulizwalo mkewe.

Jambo hili si adimu. Katika uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005, asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam na 56 wa Mbeya, miongoni mwa waliowahi kuwa na mwenzi, walisema aliwahi kuwapiga au kuwadhulumu kijinsia.

Kuuliza ndiko kugumu. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2013 hauagizi wanawake wote waulizwe, bali wenye dalili, tena faraghani. Kumwuliza mbele ya mume ni kumtia hatarini. Muuguzi husikiliza pasipo kulaumu, kisha hutaka kujua kama kurudi nyumbani usiku huo ni salama, hamlazimishi kushtaki. Aliyekabwa koo huchunguzwa hata kama shingo haina alama. Maelezo huandikwa kwa maneno yake mwenyewe katika jalada la hospitali, si kwenye kadi atakayorudi nayo nyumbani.